Mlango Mwembamba na Ubao wa Tezini

Abiria wa daladala anayetoka Chamazi asubuhi haoni bahari mpaka akaribie mjini. Anapita Mbagala, anashuka bonde la Mtoni ambako Mto Kizinga unaingia kwenye mikoko, kisha upande wa kulia kreni za Kurasini zinajitokeza juu ya mapaa. Maji yaliyo kando ya Barabara ya Kilwa ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, umepinda, una matawi mawili yanayopokea Kizinga na Mzinga, na ndani yake hakuna wimbi la kutisha. Mlango wa maji hayo uko Magogoni, kati ya mji na Kigamboni, nao ni mwembamba. Kwa karne nzima na zaidi mlango huo ndio ulioamua ni chombo gani kingeitumia Dar es Salaam na kipi kingebaki nje kwenye mawimbi. Kilichokuwa kikipimwa pale, kwa kila chombo kilichojaribu kupita, ni usukani.

Usukani hauna nguvu yake wenyewe. Toa kiganja nje ya dirisha la gari linalokwenda kasi, kisha ukiinamishe kidogo: upepo utakipandisha au kukishusha. Gari likisimama kwenye foleni, kiganja hicho hicho hakisikii kitu. Ubao wa usukani ulio tezini, yaani nyuma ya chombo, nao uko hivyo. Maji yakipita kasi juu yake, ukiugeuza kidogo unasukumwa upande mmoja pamoja na tezi yote. Maji yasipopita, nahodha anaweza kuugeuza mpaka mikono imchoke na chombo kisigeuke. Hata maji yakiwepo, kuna kikomo. Ukiupindisha mno, maji yanaacha kuufuata ubao na kuanza kuvuruga nyuma yake. Ndiyo maana meli nyingi za leo husimamisha usukani kwenye nyuzi 35 hivi kila upande.

Kuna jambo la pili ambalo wasiokuwa mabaharia hulikosea. Tunadhani chombo hugeuka kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, kama gari linavyoongozwa na magurudumu ya mbele. Usukani unaisukuma tezi, na tezi ndiyo inayotoka nje kwanza, upande ulio kinyume na kule unakotaka kwenda, omo linafuata. Meli inayopita karibu na ukingo, nahodha akataka kuukimbia ghafla, ataupiga ukingo huo huo kwa tezi yake. Kwenye bahari ya wazi jambo hili halina madhara, ila pale Magogoni limewatoa jasho mabaharia wengi.

Pwani yetu ilikuwa na vyombo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria bandari hapa. Mfanyabiashara Mgiriki aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1 alitaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Vyombo vya zama hizo, sehemu nyingi za dunia, viliongozwa kwa makasia makubwa ya ubavuni karibu na tezi, wakati mwingine moja, wakati mwingine mawili. Kasia la ubavuni lina faida zake: linainuliwa upesi maji yakiwa haba, na likivunjika hubadilishwa. Udhaifu wake huonekana chombo kinapolala upande kwa upepo, kwa sababu kasia la upande ulioinuka hutoka majini. Waomani walipoiunda upya merikebu ya karne ya 9, waliyoiita Jewel of Muscat, waliipa sukani mbili za ubavuni, na mwaka 2010 wakaisafirisha kutoka Muscat hadi Singapore. Ilifika. Kwa hiyo tusiwaonee huruma wazee wa zamani kana kwamba walikuwa wakipapasa gizani.

Usukani wa kati, ule unaoning'inia kwenye fashini, yaani mti uliosimama nyuma kabisa ya chombo, ulianza kuonekana sehemu mbalimbali. Huko Guangzhou, China, kwenye kaburi la wakati wa nasaba ya Han, ilipatikana merikebu ndogo ya udongo wa kuchoma yenye usukani wa kati, kazi ya karne ya 1 hivi. Wachina baadaye walitoboa matundu kwenye ubao, maji yakapita kidogo na mshikaji akageuza kwa nguvu ndogo zaidi bila usukani kupoteza kazi yake. Kwenye eneo la karakana ya zamani ya merikebu huko Nanjing ulichimbuliwa mhimili wa usukani wenye urefu wa mita 11 hivi. Karakana hiyo inahusishwa na misafara ya Zheng He, ambayo mwanzoni mwa karne ya 15 ilifika hadi Malindi.

Upande wa Waarabu, mwanajiografia al-Muqaddasi, aliyeandika karibu na mwaka 985, ameeleza jinsi manahodha wa Bahari ya Shamu walivyopita kwenye miamba. Mkubwa wa chombo alikaa juu akiyatazama maji, vijana wawili walisimama kulia na kushoto wakipokea sauti yake, na mshika usukani alivuta mojawapo ya kamba mbili mkononi mwake. Mwaka 1237 mchoraji al-Wasiti alichora merikebu ya Waarabu katika kitabu cha visa vya al-Hariri, na usukani wake unaonekana wazi ukiwa katikati ya tezi.

Mtepe wa Waswahili, uliodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na usukani wa kati pia. Chombo chote kilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mraba lilikuwa la ukili, na usukani nao ulifungwa kwa kamba. Leo tunakimbilia kuita ufundi wa namna hiyo duni kwa sababu hauna chuma. Mimi nauona kinyume. Kamba ya nazi hulegea kidogo na kurudi, na chombo kinachopanda mchangani mara kwa mara, kinachogonga fungu na kuendelea, kinauhitaji ulegevu huo. Chuma kikipinda, mpaka mhunzi apatikane.

Jahazi lililokuja kutawala pwani linatumia vyuma. Ukienda linapokaa mchangani maji yakiwa yamepwa, utazame tezi yake kwa karibu. Usukani ni mbao nene zilizounganishwa kusimama wima, pana chini, nyembamba juu, zikiufuata mteremko wa fashini. Vyuma vya mfano wa bawaba vimepigiliwa pande zote mbili, pini ikiingia kwenye pete, hivyo usukani wote unaweza kuinuliwa na kuvuliwa. Juu, kichwa cha usukani kimetobolewa, na kana, yaani mti wa kuugeuzia usukani, imepita kwenye tundu hilo ikielekea ndani ya chombo. Kana hiyo huwa imelainishwa na viganja kuliko ubao mwingine wowote wa jahazi. Mshikaji akiisukuma kulia, chombo huenda kushoto. Mtoto wa pwani hujifunza jambo hilo kabla ya kujua kusoma.

Waomani walikuja na bedeni, chombo chenye omo lililosimama wima, ambacho usukani wake ulivutwa kwa kamba zilizopita nje. Sitaki kukaa sana hapo. Jahazi ndilo lililoshinda.

Kwamba usukani wowote hauna kazi bila mwendo, bahari ina shahidi mzuri. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa. Jumanne iliyofuata, tarehe 10, waling'oa nanga ili waingie bandarini. Kumbukumbu ya safari, iliyoandikwa na mmoja wa watu wake, inaeleza kwamba merikebu ya mkubwa wao ilikataa kugeuka na ikakigonga chombo kilichokuwa nyuma yake, wakalazimika kutia nanga tena. Wenyeji waliokuwa ndani walipoona safari imekwama waliteremkia kwenye mashua iliyofungwa tezini, na marubani wawili waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini. Wareno waliona kwamba Mungu amewaokoa na mtego. Merikebu zao zilikuwa na usukani wa kati, imara, wenye vyuma, mzuri kuliko sukani nyingi za zama zile. Lakini chombo kilichotoka kung'oa nanga hakina mwendo. Hakuna maji yanayopita juu ya ubao, na kinachoweza kuligeuza omo wakati huo ni upepo na tanga. Upepo ukikataa, usukani uliotengenezwa Lisbon na uliotengenezwa Lamu ni sawasawa.

Kosa la aina hiyo hiyo hujirudia kwa watu wanaouamini mkondo. Maji ya bamvua kwenye pwani ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote yanayoijaza bandari lazima yapite mlango ule mmoja kisha yatoke humo humo. Mtu akisimama Magogoni akaona chombo kinachukuliwa na mkondo, hudhani kina mwendo. Kwa watu wa nchi kavu kina mwendo, lakini kwa usukani hakina, kwa kuwa ubao na maji vinakwenda pamoja. Chombo kinachoelea na mkondo bila upepo hakisikii usukani hata kidogo, na bado kinaelekea ukingoni kwa kasi yote ya mkondo.

Sasa lichukue jahazi lenye tanga la pembetatu. Kwenda na upepo halina mshindani. Kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, ni kazi nyingine: foromali, boriti inayobeba tanga, ni refu na zito, na majahazi makubwa kwa kawaida hayakatizi omo kwenye upepo. Huzungusha tezi, yakikimbia kwanza na upepo, huku mabaharia wakihamisha foromali kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda mwingine. Mzunguko huo unataka nafasi, na mlango wa Dar es Salaam hauna nafasi. Tena upepo unaokuingiza ndio unaokuzuia kutoka. Bandari tulivu kupindukia ikawa taabu kuifikia. Bagamoyo, isiyo na bandari ya maana, ila ufuko wazi ambapo jahazi linakaa mchangani, iliendelea kupokea misafara ya pembe.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijua tatizo hilo. Alipoanza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, hakuishia kwenye kasri na nyumba za mawe. Aliagiza tagi ya mvuke kutoka Hamburg ivute vyombo vya tanga kwenye mlango. Naliona agizo hilo kuwa la busara kuliko majengo yake yote. Mtu aliyelelewa kati ya majahazi alitambua kwamba kasoro haikuwa kwenye sukani za manahodha wake, kwa hiyo hakuagiza mafundi wa kuzirefusha. Alitafuta njia ya kuvipa vyombo mwendo ndani ya mlango, ili usukani upate maji ya kufanyia kazi. Septemba 1867 aliwaandalia karamu hapa makonseli wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Miaka 3 baadaye alifariki, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu na mji huo. Nyumba zikaanza kuanguka.

Mji ulirudi na meli za mvuke. Wajerumani waliweka kituo hapa mwaka 1887 na kuufanya makao makuu ya koloni mwaka 1891. Kwa kawaida tunaeleza uamuzi huo kwa siasa na biashara. Mimi nauweka usukani mbele, kwa sababu pangaboi lilibadilisha kila kitu. Meli ya pangaboi hutupa maji nyuma, moja kwa moja juu ya usukani. Hata meli ikiwa karibu kusimama, nahodha akiugeuza usukani kisha akaipa mashine nguvu kwa muda mfupi, ubao hupigwa na maji ya kasi na tezi inasogea kabla meli haijapata mwendo mkubwa. Jahazi halikuwa na kitu kama hicho. Bandari iliyokuwa ngumu kwa tanga ikawa kimbilio kwa mashine, na mlango ambao Majid alitaka kuupita kwa tagi moja ukapitwa na kila meli kwa nguvu zake yenyewe.

Pamoja na mvuke yalikuja mabadiliko ya ubao wenyewe. Usukani wa jahazi umebebwa wote nyuma ya mhimili, hivyo uzito wote wa maji unamrudia mshikaji. Wahandisi wa meli za chuma walisogeza mhimili kidogo ndani, sehemu ya ubao ikabaki mbele yake, maji yanayopiga mbele yakasaidia kuyashinda yanayopiga nyuma. Meli ya Great Britain ya mhandisi Brunel, iliyoshushwa majini mwaka 1843, ilikuwa na usukani wa namna hiyo.

Vita vya 1914 vilionyesha thamani ya mlango huu kwa njia ya ukatili. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilitoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai. Siku chache baadaye Waingereza walipofika kupiga mnara wa redio, Wajerumani wenyewe walizamisha gudi lao la kuelea mlangoni ili adui asiingie. Hapo wakawa wameifungia nje manowari yao. Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, chombo cha mita 115 kikijisogeza kwenye vijito vya mikoko. Haikutoka tena. Julai 1915 iliishia humo.

Tarehe 28 Novemba 1914 Waingereza waliingia bandarini kwa vyombo vidogo kuharibu meli zilizokuwamo. Kamanda Henry Ritchie alikuwa kwenye mashua ya mvuke aliyoifungia tishari kila ubavu kuwa ngao ya risasi. Ngao ilisaidia, lakini fikiria usukani mdogo wa mashua moja ukiamrishwa kuvigeuza vyombo vitatu kwa pamoja, mlangoni, huku kingo zote mbili zikifyatua. Walioshika usukani walipigwa risasi na usukani ukapita mkono kwa mkono. Ritchie alipata majeraha manane na mashua ikatoka. Alipewa Msalaba wa Victoria kwa siku hiyo.

Baada ya vita kulikuwa na kizazi cha vijana wa pwani waliofanya kazi kwenye meli za Waingereza, na walikuta mambo mawili ya kuchanganya. Meli zilikuwa na gurudumu, na gurudumu likizungushwa kulia meli iligeuka kulia. Lakini amri zilikuwa bado za wakati wa kana: afisa akitaka meli iende kushoto, aliamuru kulia, kwa maana ya kana isukumwe kulia. Baharia aliyelelewa kwenye jahazi aliielewa amri hiyo mara moja, bila kuona ajabu. Uingereza iliibadilisha mwaka 1933, amri ikawa inataja upande ambao meli itageukia. Kwenye jahazi kana ni ile ile, na kanuni ni ile ile.

Bandari yenyewe iliendelea kufanya kazi kwa matishari kwa miaka mingi. Meli zilitia nanga katikati na mizigo ikashushwa kwa vyombo vidogo. Gati tatu za kwanza za maji marefu zilifunguliwa mwaka 1956 na Princess Margaret. Kuanzia hapo meli kubwa hazikutosheka kuingia na kutia nanga. Zililazimika kugeuka ndani na kulala sambamba na ukuta, kazi ambayo usukani peke yake hauiwezi.

Watu wa Temeke waliona barabarani matokeo ya meli hizo kubwa kuingia. Aprili 2022 meli ya Tranquil Ace, yenye urefu wa karibu mita 200, iliingia na magari zaidi ya 4,000, baada ya mradi ulioanza mwaka 2017 kuongeza kina cha gati namba 1 hadi 7 kufikia mita 14.5. Meli ya magari ina kuta ndefu kama jengo la ghorofa, nazo hushika upepo vilivyo. Ikiwa kwenye mwendo wa taratibu mlangoni, upepo wa kusi unaoupiga ubavu unaweza kuushinda usukani wake. Ndiyo maana uchimbaji wa kina ni suala la uongozaji wa meli pia, na sio tu la uzito wa mzigo. Maji yakiwa haba chini ya mkuku, meli huzunguka kwa duara kubwa zaidi, na ikipita karibu na ukingo tezi huvutwa kuelekea huko. Kina kikiongezeka, meli ile ile inamtii nahodha yule yule vizuri zaidi.

Na bado inaingia na rubani wa bandari na tagi zake. Pantoni za Kigamboni zinavuka mbele ya njia hiyo hiyo, boti za Zanzibar zenye mabodi mawili zinatoka zikigeuzwa kwa kuongeza nguvu upande mmoja na kuipunguza upande mwingine, na kati yake linapita jahazi la mkaa au mbao.

Majahazi mengi sasa yamefungwa mashine. Fundi anapoiweka, hutoboa fashini kupitisha shafti, kisha hukata sehemu ya usukani ili pangaboi lipate nafasi ya kuzunguka. Hapo pana hesabu ambayo haijaandikwa na inastahili kuandikwa. Meli ya chuma hutosheka na usukani wenye eneo la asilimia 2 hivi ya ubavu wake ulio majini, kwa sababu pangaboi linautupia maji. Jahazi la tanga linahitaji ubao mpana zaidi ya hapo kwa sababu linategemea mwendo wake peke yake. Fundi akikata kidogo mno, pangaboi linagonga. Akikata mno, siku mashine itakapozimika nje ya Magogoni na nahodha akapandisha tanga, usukani uliobaki hautatosha. Mafundi wa pwani wanaipata hesabu hiyo kwa jicho na kwa kuonywa na waliowatangulia. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kiko karibu na maji hayo hayo, kina wanafunzi na vifaa vya kupimia, na sukani za kupimwa zimelala mchangani kila maji yakipwa.